Ombi la Jumatano Saa Tisa

Dixon Road, Kingsview Village,
Toronto, Kanada.
Jumapili, 14 Septemba

Yaya mpendwa Leokadia,

Pokea salamu zangu, dada yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepunguza kelele, na paa la jiko limezibwa kabla mvua hazijashika kweli. Huku mwili haujambo. Wifi yako Inès anakusalimu sana. Bado anatunza wazee kwenye ile nyumba yao, na mgongo unamsumbua. Watoto nao wanakusalimu, ingawa salamu zao ni za Kiingereza. Ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa kila neno, wanacheka panapochekesha, halafu wanajibu kizungu. Mimi niko kilekile kiwanda cha mikate, nafunga mifuko.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati tumezoea sauti za simu. Ningeweza kukuambia kwamba mtandao wa Luhinda unakatika kila mara, na ingekuwa kweli, lakini si kweli yote. Nimejaribu mara nne kukuambia jambo hili kwa mdomo nikashindwa. Atakayekuletea barua ni muuguzi anayeitwa Sakeena, nitakueleza mbele ni nani. Yaya, tafuta kiti, usiisome umesimama.

Kazi yangu ya zamani unaikumbuka. Miaka kumi na tisa nilikaa juu ya mnara wa uwanja wa Luhinda nikiongoza ndege. Majeshi matatu yaliuteka mji nikiwa kwenye kiti kilekile, na kila jeshi likaniacha, si kwa kunipenda, bali kwa sababu njia yetu ya kurukia ina mteremko na upepo wa mlimani, na rubani mgeni asipoonywa mapema anaishia kwenye mihogo ya watu. Mama alikuwa akinitania kwamba serikali zinapita, Nathanaël anabaki na mlingoti wa bendera. Huku hakuna anayelijua hilo. Ila ghorofa letu liko karibu na uwanja wa Pearson, na nikitoka kazini bado nasimama kwenye roshani nahesabu ndege zinazoshuka. Mazoea yana taabu.

Mwezi wa saba nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye Kifaransa cha polepole. Akasema yeye ni mwenyekiti wa mazungumzo kuhusu uwanja wa Luhinda, kwamba wajumbe wa Serikali na wajumbe wa hao waliouteka mji wamekubali kukutana Toronto, hotelini, bila waandishi wa habari, na kwamba pande hizo mbili, zinazokataa hata kunywa chai chumba kimoja, zimetaja jina moja. Langu. Nikadhani ni matapeli, nikakata simu. Akapiga tena, akanitajia rangi ya mlango wa mnara wetu na yule mbuzi wa kamanda aliyekuwa akilala kwenye ngazi. Nikakaa chini kumsikiliza.

Ugomvi wao, Yaya, mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kuufikiria. Ninyi mlijua tu kwamba tangu Februari hakuna ndege inayotua, na dawa ya sukari ya Mama ilikuwa inakuja kwa ndege. Wao walikuwa wanabishana nani atamwambia rubani karibu. Upo mkataba wa mataifa kuhusu ndege za kiraia, uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, vita vya dunia vikiwa bado vinaunguruma, na kifungu chake cha kwanza kinasema kila dola ndiyo yenye mamlaka juu ya anga ya nchi yake. Mwaka huo sisi tulikuwa mali ya Wabelgiji. Hakuna aliyetuuliza anga yetu ni ya nani. Serikali ikasema mwongoza ndege akiwa wa waasi, itakuwa imewakabidhi anga. Waasi wakasema akiwa wa Serikali, watakuwa wamempandisha adui mnarani kwa mikono yao. Siku kumi na moja wanaume wenye tai walibishana juu ya sauti ya mtu, na hospitali ya Luhinda ina wagonjwa arobaini na wawili wa kuhamishwa. Nilikuwa nakaa pale na aproni ya kiwandani ndani ya mfuko wangu, nashangaa.

Mwisho wakakubaliana hivi. Shirika la misaada lingeweka kamera nne juu ya nguzo pale uwanjani, picha zije kwa satelaiti mpaka chumba kimoja hapa Toronto, nami nikae hapo niongee na rubani. Mimi si wa Serikali wala wa waasi, ni mfunga mikate. Ndege ingekuwa ya kiraia, nyeupe, bila askari hata mmoja. Ingeleta dawa na kuondoka na wagonjwa. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba siku na saa zisijulikane na mtu yeyote nje ya chumba kile, maana kila upande ulimwogopa mwenzake. Tuliapa tumesimama, wengine juu ya Biblia, wengine juu ya Kurani. Siku ikawa Jumatano tarehe ishirini Agosti, saa tisa mchana kwenu, saa tatu asubuhi kwetu.

Kiapo kile nilijivunia, sitakuficha. Inès mwenyewe sikumwambia. Alijua tu nimepewa kazi ya siku chache ya ukalimani. Na wewe ulinipigia ile Jumamosi kabla ya Jumatano, ukaniuliza kama nasikia lolote kuhusu uwanja, kwa kuwa dawa ya Mama ilikuwa imebaki ya siku mbili na mguu wake umeanza kubadilika rangi. Nilikujibu sijui kitu, tuombe tu. Ulipokata simu niliingia bafuni nikafungulia maji ili watoto wasinisikie.

Jumatano ilipofika nilivaa vifaa vya masikioni saa tatu kasorobo. Ndege ilikuwa angani kwa dakika arobaini. Nilipoitazama picha ya kwanza nilidhani kamera imeharibika, kwa sababu njia ya kurukia sikuiona. Walikuwa ni watu. Watu na magodoro, watu na masufuria, wagonjwa juu ya machela za miti, watoto wamevishwa nguo za kanisani, maelfu, kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho wake. Nyuma yangu wajumbe walianza kupigiana kelele, hawa wakisema mmewaleta wawe ngao yenu, wale wakisema ninyi ndio mmewachochea.

Rubani aliniuliza kama njia iko wazi. Nikamwambia haiko wazi. Akaniuliza tena, kwa maana dawa alikuwa nazo na milima ya Luhinda ameshaiona. Nikamwambia ageuke arudi alikotoka. Kazini kwetu neno la mwongozaji ni lazima rubani alirudie lote, ndipo ijulikane amelisikia. Akalirudia neno langu lote, taratibu, nami nikalisikia likinirudia masikioni. Lilikuwa neno halali, Yaya. Hata leo ningesema lilelile, maana angetua angeua watu mia. Kwenye kamera ya tatu kulikuwa na kiti cheupe cha plastiki, mtu ameketi chini ya mwavuli mwekundu. Niliuona kwa sababu umati wote ulisogea uliposikia mlio angani, yeye hakusogea. Kisha walinzi wakapiga risasi hewani, watu wakakimbia, na mwavuli sikuuona tena.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa umeshika mpini wa ule mwavuli. Uliponipigia Alhamisi na kunieleza kwamba vijana wa kwaya walimbeba Mama juu ya kiti tangu Jumanne, kwamba alinyeshewa akakataa kurudi nyumbani, kwamba risasi zilipolia kiti kilipinduka na moyo wake ukasimama kabla hamjafika barabarani, nilikuwa bado nakusikiliza nimesimama. Uliponitaja mwavuli mwekundu nilikaa sakafuni. Nilimwona mama yangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, Yaya, na nikaigeuza ndege yake.

Ukasema jambo jingine siku hiyo. Ukasema mlikwenda uwanjani kwa sababu ujumbe ulikuwa umezunguka katika simu za mji mzima, sauti ya mwanamke ikitangaza kwamba watumishi wa Mungu wa Kanada wameonyeshwa ndege Jumatano saa tisa. Ukasema aliyetunga uongo ule, popote alipo, Mungu naye amngojeshe kungoja kusikokwisha. Nikaitikia amina. Ukanishukuru kwa kulia pamoja nawe.

Hotelini walianza kutafuta aliyevujisha. Siku ya pili wakamkamata Armel. Huyu ni katibu wa ujumbe wa Serikali, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, ambaye kila asubuhi alikuwa akinisogezea kiti karibu na dirisha lenye jua kwa kuwa aliniona natetemeka kwenye baridi ya viyoyozi vyao. Alikuwa amenionyesha picha ya mapacha wake. Kosa lake ni kwamba mke wake ana shangazi Luhinda, na kwenye simu yake kulikutwa amempigia Jumapili kabla ya ile Jumatano. Alikuwa amempigia kumpa hongera ya mjukuu. Wakampandisha ndege kurudi nyumbani, na sasa anangoja mahakama ya kijeshi. Waasi waliposikia hivyo walisema basi Serikali imekiri kosa na imeomba radhi, wakarudi mezani. Kwa hiyo mazungumzo yalifufuka, yamesimama juu ya mgongo wa Armel.

Mimi nilijua si Armel. Nilijua tangu uliponiambia habari ya sauti ya mwanamke, na nadhani hata kabla, nilipoona nguo za kanisani kwenye ile picha.

Yaya, ilianzia kwangu.

Jumapili ile kabla ya Jumatano tulikuwa kanisani kwetu Mount Dennis, kwenye ule ukumbi wa chini tunaoukodi, kikundi cha maombi baada ya ibada. Kiongozi wetu ni Mzee Hyacinthe, mtu mwema, na ana fundisho lake analolirudia kila wiki, kwamba ombi la jumlajumla linapata jibu la jumlajumla. Ukiombea kazi, taja kazi gani. Ukiombea mgonjwa, taja ugonjwa, taja siku ya daktari, taja saa. Mungu asibakiwe na visingizio, husema, tunacheka. Ilipofika zamu yangu nilisimama na Mama moyoni, dawa ya siku moja imebaki. Nilijiambia kwamba nimeapa nisiwaambie watu, na Mungu si mtu. Nikafumba macho, nikaomba vile ninavyojua mimi, mtu wa mnara, ambaye maisha yote nimefundishwa kutaja vitu kwa usahihi. Nikasema Bwana, ile ndege ya Jumatano, saa tisa mchana, uwanja wa Luhinda, itue salama. Watu wakasema amina kwa nguvu. Nikafumbua macho nikiwa nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Nilichosahau, na ningewezaje kusahau, ni simu ya Mama Thacienne. Nusu ya watu wetu wana zamu za Jumapili, wako viwandani au wanawaogesha wazee, hawawezi kuja. Kwa hiyo kila Jumapili Mama Thacienne huyakusanya maombi yote na kuyasema upya kwa sauti yake kwenye simu, ili walio kazini wayasikilize kwenye basi na kuomba pamoja nasi. Mimi mwenyewe nimeyasikiliza hivyo miaka mingi nikiwa zamu. Akalisema na langu, bila jina, kwa kuwa ndio utaratibu wetu. Mtu mmoja wetu akamtumia dada yake wa kwaya ya Luhinda, kwa nia njema kabisa. Kufika Jumatatu jioni ombi lilikuwa limekuwa unabii. Aliyetunga ule uongo ni mimi, na haukuwa uongo.

Ngoja nimalize. Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa mwenyekiti kumwambia ukweli, ili Armel aachiwe. Alifunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua simu yake akanisikilizisha sauti ya Mama Thacienne. Alikuwa anajua kwa siku nane. Yaya, nilimkodolea macho yule mama kama mgeni niliyemkuta chumbani kwangu. Akaniambia, bila ukali, kwamba nikisema sasa, Serikali itadai imefedheheka bure, waasi watadai sauti isiyo ya upande wowote imevunja kiapo, na hakuna sauti nyingine waliyokubaliana. Ndege itakufa. Wagonjwa walikuwa arobaini na wawili, sasa ni thelathini na sita. Akasema huo mkataba mkubwa wa Chicago wenyewe ulitengenezwa na watu waliokuwa na maiti za vita nje ya dirisha, na kila mmoja alikubali kutokutazama kitu fulani. Nilimwuliza kama na yeye ana mapacha. Nilitoka nikasimama kituoni, nikaacha mabasi matatu yapite.

Leo asubuhi nimemwambia Inès. Alikuwa anapiga pasi shati langu, akaendelea kulipiga pasi shati lilelile mpaka nikamwondolea mkononi.

Nimeamua hivi. Ndege itakuja tena. Siku na saa sikuandikii, hilo nimejifunza. Nitavaa vile vifaa, nitamwongoza rubani, nitanyamaza mpaka magurudumu yaguse ardhi na wagonjwa wapande na ndege iondoke. Baada ya hapo nitavua vifaa, nitageuka kwenye kiti, na nitawaambia wajumbe wa pande zote mbili wakiwa chumba kimoja kwamba ni mimi. Maelezo yangu kwa Kifaransa yako tayari, nimeyatia saini, nakala moja ni ya wakili wa Armel. Wakinifukuza, wanifukuze. Kama watatafuta sauti nyingine kwa ndege ya pili, watakuwa angalau wameiona ya kwanza ikitua.

Lakini najijua, Yaya, na wewe unanijua tangu utoto. Mimi ni yule aliyebaki kwenye kiti majeshi matatu yakipita. Naogopa kwamba ndege ikishatua watu watanipongeza, nitakunywa kahawa yao, nitasema kesho. Ndiyo maana nimempa barua hii Sakeena. Yeye ni muuguzi wa hapa, wa jumuiya ya msikiti ule wa Vaughan, babu zake walitoka Tanga, ana Kiswahili kilichonyooka kinachotutia haya sisi wa Kongo. Atakuwa ndani ya ndege ileile. Nilimwomba akukabidhi mkononi, hakuniuliza ndani kuna nini. Basi ukiwa unaisoma, ujue ndege imetua, na mimi sina tena sababu ya kunyamaza. Ikifika kesho yake hujasikia kwamba Armel ameachiwa au kwamba jina langu limetajwa, karatasi hii ni mwandiko wangu na saini yangu. Isome kanisani. Kisha umtafute yule shangazi wa mke wa Armel, aishi popote mjini, umpe aipeleke.

Msamaha siuombi humu ndani. Ningeuomba ungeona kama nakuharakisha, na wewe una kaburi la kupalilia peke yako kwa sababu yangu. Nisalimie kwaya, hasa wale vijana waliombeba, waambie mabega yao nayabariki. Nisalimie jirani mwenye kinu. Ukienda kwa Mama, umwambie niliuona mwavuli.

Na ile amina niliyoitikia siku ile kwenye simu, siifuti. Uliomba, Mungu amekusikia. Nimekaa karibu na simu, nangoja.

Mdogo wako,
Nathanaël